Sifuri Nukta Sifuri Mbili

Ndoo ilijaa kabla ya wakati wake, na Nyanzala akadhani saa yake ndiyo iliyochelewa.

Aliimwaga, akairudisha chini ya bomba, akaanza kuhesabu upya. Alikuwa amechuchumaa nje ya Ukumbi wa Nne, pale ambapo maji ya barafu iliyoyeyuka hutoka ubavuni mwa mlima kwa bomba lisilozidi unene wa kidole gumba. Nyuma ya ukumbi, ndani kabisa ya mwamba, lilikuwapo ghala la barafu iliyogandishwa muda wote wa miezi ya baridi. Kwa joto la asubuhi ile, bomba lilipaswa kutoa lita arobaini kwa saa. Lilitoa sitini na tisa.

Akashuka hadi Ukumbi wa Tatu, ambao ghala lake lilijengwa mwezi mmoja na la Nne kwa mabamba yaleyale mapya ya kuzuia joto. Sitini na tisa. Akapanda hadi wa Pili, wenye mabamba ya zamani. Arobaini. Wa Kwanza, thelathini na tisa.

Zilibaki siku tatu kabla ya Jua Kuu.

Kila mwaka lilikuja, na kila mwaka lilikaa siku arobaini. Joto la bondeni lilipanda kupita nyuzi hamsini na tano, vumbi likaziba vioo vya umeme wa jua, mashine za kupoza zikajizima zenyewe, na ng'ombe aliyesahauliwa nje hakuiona adhuhuri. Watu wa Itundwe waliingia mlimani, mia mbili kila ukumbi, wakaziba milango kwa udongo mbichi, wakaishi kwa ubaridi wa barafu hadi siku ya arobaini na moja. Mwamba ulikuwa mgumu mno kutobolewa njia za ndani. Aliyetaka kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine alipaswa kupita nje, juani.

“Fundi, hiyo ndoo unainywesha au unaiogesha?”

Ilikuwa sauti ya Holo, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana, kiongozi wa watu wa Mwashilu. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Dari la mlima wao lilianguka masika yaliyopita, na watu mia mbili wakaja Itundwe na mikeka na vyungu vyao, wakakaa mwezi mzima chini ya maturubai wakingoja kuambiwa kama nafasi ipo au haipo. Ilikuwapo. Ukumbi wa Nne ulikuwa wao.

Nyanzala alijibu kwamba alikuwa akihakikisha tu.

“Hakikisha vizuri. Nyie watu wa Itundwe tunawajua, mnaweza kumpa mgeni barafu iliyooza.” Holo alicheka, akarudi ndani. “Tutaila hivyohivyo. Mtani hachagui.”

Itundwe na Mwashilu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtu wa Mwashilu aliweza kuchukua kofia yako kichwani na asiulizwe; na ukifa, yeye ndiye aliyechimba kaburi lako na kuwachekesha watoto wako ili wasife kwa kilio. Nyanzala alizoea kurudisha dhihaka kwa dhihaka. Asubuhi ile alichelewa hata kutabasamu. Kwa mlango uliokuwa wazi alimwona Holo akipiga magoti, akitandaza kiganja sakafuni kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akipima. Shubiri nne, alama ya mkaa. Shubiri nne, alama ya mkaa. Ndiyo iliyokuwa sehemu ya kila mtu mlimani, mkubwa kwa mdogo: upana wa shubiri nne za kulala.

*

Vifungashio vya mabamba mapya vilikuwa vimerundikwa nyuma ya karakana, vikingoja kugeuzwa vitanda vya mbuzi. Nyanzala alichambua rundo hilo mpaka akapata ubao wenye karatasi iliyosalia nzima, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

Namba aliikumbuka kama anavyolikumbuka jina lake. 0.02. Mbele yake yalifuata maandishi madogo ya lugha ya ng'ambo, yaliyoishia na herufi F.

Akakaa chini.

Kila kitu hupitisha joto, kingine haraka kama sufuria, kingine polepole kama sufi. Wepesi huo una namba yake, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo ukuta unavyokuwa bora. Itundwe waliipima kwa njia iliyotumika karibu dunia nzima: wati ngapi zinapita katika mita moja ya unene kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Mabamba ya zamani yalikuwa na namba 0.035. Kwa hayo, ukuta wa ghala ulihitaji unene wa sentimita kumi na mbili ili barafu ifike siku ya arobaini.

Lakini mabamba mapya yalibanduliwa kwenye maghala ya kale ya ng'ambo, katika nchi ambayo watu wake waling'ang'ania vipimo vyao vya futi na ratili muda mrefu baada ya wengine kuviacha. Kwao joto lilipimwa kwa kile kinachotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Wakalihesabu kwa saa, kwa futi, kwa digrii hizohizo. Bamba ni lilelile, joto ni lilelile, ila namba inayoandikwa ni nyingine. Moja ya kwao ni sawa na moja nukta saba tatu ya Itundwe.

Nyanzala alizidisha kwa kijiti mchangani, ingawa kichwani jibu lilikuwa limeshafika. 0.02 mara 1.73. Karibu kabisa na 0.035.

Mabamba mapya hayakuwa bora kuliko ya zamani. Yalikuwa sawasawa nayo.

Na yeye ndiye aliyeisoma namba ile. Mafundi wa Itundwe walikuwa na desturi ya kuitana namba: mmoja husimama mdomoni mwa pango akasoma, mwingine ndani akaitikia, ndipo huandikwa. Namba isiyoitikiwa si namba. Na kwa kuwa mwangwi wa pangoni huvuruga maneno marefu, waliita namba tupu. Lita, mita, nyuzi, wati, hayo kila mtu aliyajua. Kuyataja kulionekana ushamba. Siku ile, Nyanzala aliita, “Sifuri nukta sifuri mbili,” na Fundi Lugoda, mwalimu wake, akaitikia kutoka gizani, na mafundi wakapiga makofi. Mabamba bora namna hiyo hayajapata kuonekana. Sentimita saba zingetosha pale zilipohitajika kumi na mbili. Shehena iliyoletwa kwa ajili ya ghala moja, pamoja na akiba yake, ingetosha mawili.

Hivyo ndivyo pango tupu lilivyogeuka kuwa Ukumbi wa Nne.

Alijiuliza kama aliyaona maandishi madogo siku ile. Aliyaona. Alidhani ni alama ya kiwanda. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilikiri sasa peke yake mbele ya mbuzi wawili: juma lile alikuwa ametoka kuwapelekea maji watu wa Mwashilu chini ya maturubai, na mtoto mmoja alimwuliza kama mlima wao una nafasi. Aliitaka sana namba ndogo. Ilipokuja, hakuiuliza imetoka wapi.

Sentimita saba za bamba la kawaida. Barafu ya siku arobaini ingekwisha siku ya ishirini na tatu, katika Ukumbi wa Nne wenye wageni, na katika wa Tatu, ambamo dada yake Kashindye angeingia na mtoto wa siku kumi na mbili.

*

Fundi Lugoda alikuwa karakanani akisugua kutu kwenye komeo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe.”

Aliendelea kusugua. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyemfundisha Nyanzala kusoma vipimo tangu hajamaliza shule, na aliyemwandikia barua ya kwenda chuoni kwa mkono wake. Mwishowe alisema kwamba yeye ndiye aliyeitikia, kwa hiyo kosa hilo lina wazazi wawili, asijitwike lote.

Nyanzala alikuwa na mpango, na aliueleza haraka kana kwamba ungeyeyuka. Wabandue mabamba yote ya ghala la Nne, wayaongeze kwenye la Tatu. Hapo la Tatu lingekuwa na unene wake kamili. Barafu ya la Nne igawanywe katika maghala matatu. Watu mia nane walale katika kumbi tatu badala ya nne. Maana yake kila mtu aachie shubiri moja. Nne ziwe tatu. Kazi ingewezekana kwa siku mbili na nusu kama mikono yote ya Itundwe na Mwashilu ingeshika, wakianza kesho asubuhi.

“Kwenye karatasi ni mpango mzuri,” Lugoda alisema. Kisha akamkumbusha watu wa Ukumbi wa Kwanza, waliogombana juma zima mwaka juzi kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyeingizwa kwa siri. Akamkumbusha Mwenyekiti Kitundu, aliyekubali wageni kwa sababu moja tu, kwamba hawakumpunguzia mtu wa Itundwe hata kidole. “Ukisema leo, kesho Mwashilu wako barabarani. Mlima wenye nafasi uko mwendo wa siku nne. Wamebakiza tatu. Piga hesabu hiyo pia, binti.”

“Nimeipiga.”

“Basi nyamaza.” Aliweka komeo chini. “Siku tatu tu. Milango ikishazibwa hakuna wa kumfukuza mtu. Siku ya ishirini na tatu watu wa kumbi hizi mbili watapanda kwenye kumbi za juu. Ni dakika kumi. Wajifunike mablanketi yaliyoloweshwa, wagonge, wafunguliwe.”

“Dakika kumi kwa nani? Kashindye ana kichanga. Wazee watatembea dakika ngapi?”

Lugoda alikiri kwamba wengine hawangefika.

“Na wakigonga, atafungua nani? Hao waliogombania mbuzi?”

Lugoda aliokota tena komeo lake. Nyanzala alimwangalia, akaona kwamba naye alikuwa akiwatafutia uhai, kwa njia yake, na kwamba angeweza kuwa sahihi. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Ukweli ungeweza kuwaua wageni wote kabla ya juma kwisha. Kimya kingewaua baadhi, wageni na wenyeji, baada ya siku ishirini na tatu, na wangekufa bila kujua kwamba iliwahi kuwapo asubuhi moja ambayo wangeweza kuchagua.

“Uliniambia namba isiyoitikiwa si namba,” alisema mlangoni. “Mimi nadhani namba inayofichwa ni mbaya zaidi. Inaendelea kufanya kazi.”

*

Kesho yake, jua likichomoza, watu wote walikusanyika uwanjani kwa ajili ya kuitika milango. Ilikuwa sherehe zaidi ya kazi. Fundi aliita namba ya kila ukumbi mbele ya umati, umati ukaitikia kwa sauti moja, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haki ya kulalamika ndani. Watu wa Mwashilu walisimama upande wa kushoto na mikeka yao mabegani, wakiwatania wenyeji kwamba miguu ya Itundwe inanuka na kwamba bora wametengewa ukumbi wao.

Nyanzala alipanda kwenye jiwe.

“Ukumbi wa Kwanza. Thelathini na tisa.”

“Thelathini na tisa,” watu waliitikia.

“Ukumbi wa Pili. Arobaini.”

“Arobaini.”

“Ukumbi wa Tatu na wa Nne.” Alimwona Kashindye katikati ya umati, mtoto kifuani, akimtabasamia. “Sitini na tisa. Lita kwa saa.”

Baadhi walianza kuitikia wakakatika njiani. Hawakuwahi kusikia lita zikitajwa, na namba yenyewe hata mtoto alijua kwamba haikuwa ya kawaida.

Aliwaeleza. Hakutumia maneno ya chuoni. Alisema aliisoma namba ya watu wengine kana kwamba ni yetu, kwamba sifuri nukta sifuri mbili ya kwao kwetu ni sifuri nukta sifuri tatu tano, kwamba ukuta ni mwembamba na barafu ingekwisha siku ya ishirini na tatu. Alisema kosa ni lake. Kisha akasimama wima, akaiita kama desturi ilivyotaka.

“Sifuri nukta sifuri tatu tano. Wati, kwa mita, kwa nyuzi.”

Hakuna aliyeitikia.

Alingoja. Mwenyekiti Kitundu, mzito, kofia yake mkononi, alikuwa akiangalia chini. Umati mzima ulijua kwamba namba isiyoitikiwa si namba. Wangeweza kutawanyika wakajifanya haikusemwa. Mtoto wa Kashindye alianza kulia, akanyamazishwa.

“Sifuri nukta sifuri tatu tano.”

Sauti ilitoka nyuma kabisa, nzito, ya mtu aliyezoea kuitikia kutoka gizani. Lugoda alipita katikati ya watu hadi chini ya jiwe. Akasema kwamba na ile ya kwanza yeye ndiye aliyeiitikia, bila kuuliza ni ya nini, na kwamba aliwafundisha mafundi wote kutouliza.

Ndipo kelele zikaanza. Mtu mmoja wa Ukumbi wa Kwanza alisema wageni wapewe barafu yao na mabamba yao waende zao, hakuna aliyewadhulumu. Mwingine akamwambia barafu haibebwi kichwani siku nne. Nyanzala alipaza sauti kuueleza mpango wake, akaueleza mara mbili, kumbi tatu, shubiri moja, mikono mia nane. Wachache walisikia. Kitundu aliuliza kama kwa mpango huo siku arobaini zingetimia.

Hapo ndipo alipotamani kusema ndiyo.

Joto la miili ya watu lilikuwa na njia yake mlimani, bomba la pumzi lililolipandisha hadi kileleni. Lakini bomba hilo lilijengwa kwa watu mia mbili. Kwa mia mbili sitini na saba lingezidiwa kidogo, na ziada ingeangukia kwenye barafu, ikala hata ile ya kuongezewa. Alikuwa amefanya hesabu hiyo mara tano.

“Thelathini na nane,” alisema. “Mbili zinapungua. Sijui bado nitazitoa wapi.”

Mtu wa Ukumbi wa Kwanza alipiga makofi kama aliyeshinda kesi. Kwa hiyo, alisema, ili wageni waokoke, watu wote wa Itundwe waingie shaka ya siku mbili.

Holo alitua mkeka wake, akauegemeza mguuni, akamkabili mtu yule bila hasira.

“Mtani, hujakosea. Ningekuwa na mlima ningesema kama wewe.” Alingoja kelele zipungue. “Lakini nina swali la kitani. Mkitutoa, sisi tutafia njiani, hilo limekwisha. Halafu siku moja nanyi mtakufa, hata kama ni kwa uzee. Nani atawachimbia? Nani atawachekesha watoto wenu? Mtajizika wenyewe, na sura hizo zilizonuna?”

Mtu fulani alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Mwingine akafuata. Hakikuwa cha furaha. Wanawake wawili walikuwa wakilia ndani yake. Lakini kilipokwisha, uwanja haukuwa kama ulivyokuwa.

Kashindye ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimpa jirani mtoto, akaingia Ukumbi wa Tatu, akatoka na mkeka wake, akaukunja ubavu mmoja mbele ya watu, upana wa shubiri moja, akaukanyaga ukae. Wazee wawili wa Ukumbi wa Pili wakaenda kuleta yao. Wengi walibaki wamesimama. Wengine waligeuka wakaondoka, na Nyanzala aliwaona, akawajua kwa majina.

Mwenyekiti Kitundu alivaa kofia yake.

“Umesema shubiri moja kila mtu,” alimwambia Nyanzala. “Shubiri ya nani?”

Nyanzala hakuelewa mara moja. Kitundu alitandaza kiganja chake kinene, kifupi, kando ya kile cha Holo. Kilipungua vidole viwili vizima.

“Nikipima kwa changu na yeye kwa chake, siku ya kumi tutauana humo ndani,” alisema. “Tumeona leo namba bila mwenyewe inafanya nini. Kata fimbo. Moja. Ndiyo itakayopima kumbi zote tatu, na wa kwanza kupimiwa ni mimi.”

Lugoda alikuwa ameshashika panga.

*

Walimaliza alasiri ya siku ya mwisho, pepo za moto zikiwa zimeshaanza kupanda kutoka bondeni. Mabamba yalibanduliwa, barafu ikapitishwa mkono kwa mkono ikiwa imefungwa kwa majani makavu na mablanketi, na iliyodondoka ilidondoka. Si wote walioshika kazi. Familia kumi na moja za Ukumbi wa Kwanza ziliketi mlangoni pao muda wote, zikitazama, na mikeka yao haikukunjwa mpaka fimbo ilipofika na Kitundu akiwa ameishika. Nyanzala hakujua wangekuwaje siku ya thelathini. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa barafu, na kila alipofumba macho aliona siku mbili tupu, kama mapengo mdomoni.

Ukumbi wa Tatu ulikuwa wa mwisho kuzibwa. Watu mia mbili sitini na saba walikuwa wameshalala kwa mistari, bega kwa bega, wa Itundwe na wa Mwashilu wamechanganyika kwa sababu Holo alikataa wake wapangwe pembeni. Kashindye alikuwa ukutani na mtoto. Jirani yake alikuwa bibi wa Mwashilu, aliyeshaanza kulalamika kwamba mtoto huyo ana sura ya Kiitundwe, maskini, lakini atakua.

Nyanzala alisimama mlangoni na mkaa. Desturi ilitaka namba ya siku iandikwe juu ya mlango kwa ndani na kuitwa mara ya mwisho. Aliiandika. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

“Thelathini na nane.”

Alingoja mwitikio. Haukuja. Alidhani wamekataa, hata sasa, hata humu ndani.

Kisha kutoka mstari wa nyuma, bibi yule wa Mwashilu aliinua kichwa.

“Thelathini na nane nini?”

Na wengine wakadakia, kutoka mistari yote, wakubwa kwa watoto, wakimdai kama watu wanaodai haki yao. Nini? Za nini?

“Siku,” alisema Nyanzala, akaliandika na hilo, herufi kwa herufi, mbele ya namba. “Thelathini na nane, siku.”

“Thelathini na nane, siku,” mlima ukaitikia.

Mlangoni, kwa ndani, Lugoda alitupa udongo wa kwanza.